Siku Tuliposhukuru Ushuru wa Ndizi

Mimi kelele haziniogopeshi. Nina kibanda cha wakala wa pesa za simu pale Makandana, kwenye barabara ya kwenda hospitali, na mwaka ule tozo za miamala zilipoanza nilifokewa na mji mzima. Mtu anakuja kumtumia mama yake hela ya dawa, anaona makato kwenye simu, ananigeukia mimi kana kwamba nilikaa bungeni nikanyoosha mkono.

"Mnatuibia!"

"Nani kakuibia? Mimi?"

"Wewe na wenzako!"

Basi hapo tunarushiana maneno mpaka foleni nzima inaingia. Mmoja anatetea, anasema kodi ndiyo inayojenga madarasa. Mwingine anauliza madarasa yapi, mbona mwanawe anakaa chini. Wa tatu hataki siasa, anataka hela yake aondoke. Jioni nafunga kibanda koo limenikauka na nimewachukia wote. Asubuhi wale wale wanarudi, wananiuliza watoto wameamkaje.

Baba yangu alipenda kuja kukaa kwenye benchi la kibanda siku za namna ile. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, upande wa Lupepo, na kila alipokuja mjini kwa shughuli za kijiji alipitia kwangu, akaagiza chai ya maziwa kwa mama ntilie wa jirani, akakaa kusikiliza ugomvi kama wengine wanavyosikiliza mpira redioni. Nikimlalamikia, anacheka.

"Waache wakufokee," alikuwa ananiambia. "Anayekufokea bado anakuona mtu. Wakinyamaza, hapo ndipo ufunge virago."

Nilidhani ni utani wake tu. Sikujua kwamba anasema jambo analoliogopa kuliko yote.

Alikuwa na kitu kimoja alichojivunia kuliko uenyekiti. Kwa miaka mingi alikuwa mkalimani wa kanisa letu. Mchungaji mgeni akija anahubiri kwa Kiswahili, baba anasimama pembeni yake anageuza kwa Kinyakyusa kwa ajili ya wazee. Wazee wakitoa ushuhuda kwa Kinyakyusa, anamgeuzia mgeni kwa Kiswahili. Alikuwa mwepesi ajabu. Mhubiri hajameza mate, baba ameshamaliza. Na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Watu wa rika lake husema "selikali" na "usulu", maana Kinyakyusa hakina r, z wala sh, lakini yeye alizitamka herufi zile moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayevuka utelezi. Ukimsikia anasema "ushuru" unajua hapo pamefanyika kazi.

Halafu hali ikabana. Nadhani ilibana nchi nzima, lakini kila mtu huiona ilivyobana kwao. Mbolea ilipanda, mafuta ya kula yakapanda, watu wakaanza kununua sukari ya kufunga kwenye kinailoni, ya chai ya siku moja. Waliokuwa na mashamba madogo ya chai walisema jani halilipi hata anayelichuma. Kilichobaki ni ndizi. Kwetu ndizi haina msimu wa kukugomea. Mama anaingia shambani na panga, anakata mkungu, jioni mtoto ana daftari. Kwa hiyo tuliposikia kwamba unakuja ushuru mpya wa kila mkungu utakaotoka kijijini, na geti litawekwa pale njia yetu inapokutana na lami, kijiji kiliguswa mahali pasipoguswa.

Aliyeguswa kuliko wote ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa anauza ndizi Kiwira, kando ya barabara kuu, pale magari ya Mbeya yanaposimama. Ana mdomo, shangazi yangu. Nimeshamwona akimrudisha dereva wa lori kutoka mbali ili tu amalizie kumwambia alichokuwa anamwambia. Baba alikuwa mdogo wake, shangazi ndiye aliyembeba mgongoni wakiwa watoto, na uenyekiti wa baba haukumbadilisha shangazi hata kidogo. Akipita njiani anamwita kwa sauti ya kuamsha bonde, "Gwe!", yaani wewe, halafu anamsema mbele ya watu: shati hilo vipi, daraja la kijito mtalitengeneza lini, mbona hukuja kunisalimia. Baba anatoka nje anajitetea, wanabishana kuvuka uzio wa michaichai, mwisho wanacheka. Ndivyo walivyopendana.

Shangazi aliapa. Alisema siku ya mkutano atasema mpaka wachoke wenyewe, na ushuru wao wataurudisha walikoutoa. Watu waliusubiri mkutano ule kwa ajili yake.

Mimi pia nilifunga kibanda makusudi nikaenda. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mvua ya kwetu haina adabu, inanyesha hata wakati kwingine wanalilia tone, kwa hiyo watu walikuja na miavuli na mabuti, wanawake wamejifunga vitenge juu ya masweta. Walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona. Wakati tunapita njia panda ya lami tuliona nguzo mbili mpya za chuma zimeshachimbiwa huku na huku, saruji yake bado mbichi. Wanawake niliokuwa nao walizitazama, wakatazamana, tukaendelea kutembea. Hakuna aliyesema neno mpaka tukafika.

Baba hakuziona zile nguzo. Alikuwa ameitwa mjini tangu jana yake, na asubuhi hiyo aliletwa na gari la maofisa kwa njia ya juu, inayoingilia nyuma ya shule. Hilo nililijua baadaye, na mpaka leo nikilifikiria moyo unaniuma.

Ofisa aliyezungumza alikuwa kijana mpole, mgeni wa mkoa wetu, viatu vyake vimeshaharibika kwa tope. Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Alishika kipaza sauti akaeleza kwamba mapato yameshuka, miradi imekwama, paa la zahanati tunaliona wenyewe lilivyo. Kwamba kila mkungu utalipiwa getini na kila anayelipa atapata risiti ya mashine. Baba alimsimamia pembeni anageuza kwa Kinyakyusa, sentensi kwa sentensi, sauti yake nzuri ile ya kanisani. Ofisa akamaliza. Akauliza kama kuna maswali.

Kimya.

Nilimtafuta shangazi kwa macho. Alikuwa mbele kabisa, amekalia gunia alilolikunja, mikono juu ya magoti, midomo ameifunga. Nikasubiri. Watu wote tulikuwa tunamsubiri, na yeye alikuwa anamtazama baba tu. Niliwahi kumwona shangazi amekasirika mara nyingi, lakini sikuwahi kumwona amekasirika na kimya kwa pamoja.

Halafu babu mmoja wa nyuma akasema, "Ndaga."

"Ndaga," akasema mwingine. Likapita uwanja mzima, kwa sauti ndogo, mmoja baada ya mwingine, ndaga, ndaga, na watu wakaanza kuinuka na kukunja magunia yao.

Hapa lazima nieleze. Ndaga ni neno letu la asante. Mgeni akijifunza neno moja la Kinyakyusa, huwa ni hilo. Lakini si la asante peke yake. Ukipewa chakula, ndaga. Ukiletewa habari ya msiba, ndaga. Mkubwa wako akikuonea na huna mahali pa kumjibia, ndaga, huku umeinamisha macho. Maana yake ni kwamba tumekusikia na sisi tumemaliza kusema. Mnyakyusa anajua ni ndaga ipi kwa kuangalia uso wa aliyeisema, na siku ile hapakuwa na uso hata mmoja wa asante.

Ofisa akamgeukia baba. "Wanasemaje, Mwenyekiti?"

Na baba, mwepesi ajabu, kabla ofisa hajameza mate, akajibu kwenye kipaza sauti kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Wanashukuru."

Uwanja ukasimama. Waliokuwa wanakunja magunia wakaacha. Wazee wetu wengi Kiswahili chao ni cha kubabaisha, ila "wanashukuru" hakuna asiyeijua. Niliona baba mwenyewe anashtuka, anafungua mdomo tena, lakini ofisa alikuwa ameshachukua kipaza sauti, anacheka kwa furaha, anasema amezunguka vijiji vingi akitukanwa na hajawahi kukutana na watu wastaarabu kama sisi. Aliomba tujipigie makofi. Watu wakapiga makofi, polepole, huku wanamwangalia baba.

Nikimuuliza baadaye, baba alikuwa anasema kitu kile kile. "Neno lenyewe ni asante. Nimetafsiri neno." Hakudanganya. Kosa lake ni kwamba siku ile ulimi ulifanya kazi ya kanisani, na kanisani ndaga huwa ni asante kila mara.

Geti likafungwa kwenye zile nguzo. Watu wakalipa. Hakuna aliyegombana na kijana wa mashine. Magari ya matangazo yakapita vijiji vya jirani yakisema waige mfano wetu, na huko watu walikuwa wanarushiana mawe ya maneno na maofisa mpaka baadhi ya viwango vikapunguzwa. Kwetu hapakuwa na cha kupunguza. Tulikuwa tumeshashukuru.

Kilichoanza nyumbani kwa baba ni heshima. Sijui niiite nini kingine. Majirani waliokuwa wanaingia bila hodi, kuazima chumvi, kulalamika, kubishana mipaka, waliacha. Walimsalimia njiani kwa ukamilifu, wanainama, wanasogea kando apite. Akiitisha kikao wanakuja wote, anapendekeza jambo, wanasema ndaga, wanaondoka. Angependekeza tuhamie ziwani wangesema ndaga. Alianza kusema mambo ya ovyo makusudi ili apingwe, na hakupingwa.

Na shangazi. Asubuhi moja nilikuwa nimelala kwa baba, nikamsikia anapita na mikungu yake kwenye bodaboda. Nikatega sikio nisikie lile "Gwe!" Badala yake nikasikia pikipiki inasimama, na sauti ya shangazi, ya chini, ya adabu: "Mwagonile, Mwenyekiti."

Hiyo ni salamu ya kuwaamkia wakubwa, au watu wengi, au wakwe. Dada haamkii hivyo mtoto aliyembeba mgongoni. Baba alikuwa ameshikilia kikombe mlangoni. Aliitikia, pikipiki ikaondoka, na yeye akabaki pale chai ikipoa mkononi. Nilipomsogelea nikaona anatetemeka.

Tangu siku ile hakuacha kusikia baridi. Kwetu baridi ni kawaida, kata yenyewe inaitwa Lupepo na wazee wanasema jina hilo lina baridi ndani yake. Yake ilikuwa nyingine. Jua limewaka, watu wamevua masweta, yeye amevaa mawili na koti juu, amekaa karibu na moto. Miguu ikawa mizito. Chakula akawa anakigusa tu, hata mbalaga, ndizi za maharage alizokuwa anazifukuzia tangu utoto. Nilimchukua nikamleta Makandana hospitalini, wakampima damu, wakampima kifua, wakafanya kila linalofanyika. Walikuta kifua kimeingiliwa kidogo na presha iko juu kidogo, wakampa dawa, wakamwambia apumzike. Dawa alizimeza zote. Baridi ikabaki.

"Ni imbepo sya bandu," aliniambia siku moja kwenye benchi la kibanda.

Baridi ya watu. Nililisikia neno hilo tangu mtoto. Wazee wetu wanasema kijiji kikimchukia mtu kwa haki na kisimwambie, ile pumzi wanayoizuia vifuani inamfuata, inamwingia mwilini, anakuwa baridi mpaka anakwisha. Hakuna uchawi ndani yake wala mganga wa kuutibu. Dawa ni moja: wenye hasira waje waiseme yote mbele yake, wamtukane ikibidi, halafu kila mmoja achukue maji mdomoni ayapulize chini. Hapo imetoka.

Mimi nilikasirika. Nilimwambia asiniletee mambo hayo, yeye mzee wa kanisa, na presha anayo, na umri unakwenda. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akatabasamu kidogo, akasema, "Ahsante kwa kunifokea." Wateja wakacheka. Mimi nikatoka nyuma ya kibanda nikalia.

Akafanya jambo la kusikitisha. Alichinja ng'ombe. Aliomba majirani wampikie kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ingawa yeye mwenyewe hanywi, akaita kijiji nyumbani siku ya Jumamosi. Walikuja. Baada ya watu kula alisimama katikati ya uwanja na masweta yake, akawaambia kwa Kinyakyusa kwamba anajua wana neno naye, na anawaomba walitoe. "Niambieni," alisema. "Nitukaneni. Nimekaa hapa." Akakaa kweli, kwenye kigoda, na ndoo ya maji mbele yake.

Watu walifuta midomo. Wakatazama chini. Babu yule yule wa nyuma akasema ndaga, na wengine wakaitikia, wakamshukuru kwa nyama, wakaondoka mmoja mmoja. Shangazi hakuja kabisa. Nilimkuta baba baadaye bado amekaa mbele ya ile ndoo, na manyunyu yameanza kuingia ndani yake.

Jumatatu nilipanda gari kwenda Kiwira. Nilimkuta shangazi kwenye meza yake, anapanga ndizi mbivu kwa vichana. Sikusalimia vizuri.

"Shangazi, nakuomba uende ukamtukane baba."

Hakucheka. "Nikamtukane kwa lipi, mwanangu? Si tulisukulu?"

"Shangazi, ni neno tu. Alikosea."

"Sisi tulipita getini tukaona nguso simesasimama," alisema, na Kiswahili chake kilikuwa kinakwaruza kwa hasira. "Nikasema moyoni, hawa hawakuja kutuulisa, wamekuja kutuambia. Basi nitawanyima maneno yangu. Kunyamasa ndiyo kitu kilikuwa kimebaki chetu. Yeye akakichukua, akawapa."

Nilimwambia anaumwa. Nilimwambia hafiki mbali. Mikono yake ilisimama juu ya ndizi, nikaona macho yamejaa, lakini alikuwa mtu wa neno lake.

"Alilisemea kwenye spika, mbele ya watu wa selikali," alisema. "Aliludise pale pale. Siku hiyo nitamtukana mpaka apone."

Sikumwelewa shangazi, na nilimchukia njia nzima ya kurudi. Lakini nilipomfikishia baba ujumbe alichangamka kwa mara ya kwanza. Akaniomba nimpigie simu yule ofisa. Ofisa alikuwa mkarimu sana. Alisema kuna mkutano mwingine unakuja, wa kutangaza tozo ya maegesho ya bodaboda na vibanda, na mwenyekiti atapewa nafasi ya kusema neno. Ukasogezwa mbele kwa sababu ya vikao. Ukasogezwa tena kwa sababu ya barabara.

Baba akawa anafanya mazoezi. Anakaa kitandani, anajinyoosha, anasema kwa ofisa asiyekuwepo: "Nilikosea. Siku ile wananchi hawakushukuru." Mwanzoni alisema vizuri. Kadiri mwili ulivyopoa zile herufi alizozifanyia kazi maisha yake yote zilianza kumtoka, akawa anasema "hawakusukulu", anasimama, anajisahihisha, anajaribu tena, anashindwa. Nilimwambia haina haja, watamwelewa. Alikataa. Alisema lazima litamkwe sawasawa, maana lile la kwanza lilitamkwa sawasawa.

Alikufa asubuhi moja ya wiki ya mkutano, jua likiwa limetoka, mimi nikiwa nampasha maji. Mikono yake ilikuwa baridi tangu kitambo kwa hiyo sikujua mara moja.

Tulimzika nyumbani, pembeni ya migomba. Kijiji chote kilikuja, na vijiji vya jirani. Maofisa nao wakaja na gari na spika zao, kwa sababu mkutano uliahirishwa, na yule kijana akaomba kutoa rambirambi. Alisema vizuri, na kwa huzuni ya kweli. Alisema marehemu alikuwa daraja kati ya serikali na wananchi, na kwamba hatasahau jinsi kijiji hiki, chini ya uongozi wake, kilivyopokea ushuru kwa shukrani wakati wengine wanagoma.

"Ndaga," wakasema watu.

Likapita msibani kama lilivyopita uwanjani. Nilikuwa nimesimama karibu na spika, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma wasifu wa marehemu. Kijana akanigeukia, kwa upole, bila hila yoyote, akaninong'oneza, "Wanasemaje, dada?"

Nilichukua kipaza sauti. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Hawajashukuru," nilisema. "Wala siku ile hawakushukuru. Baba alikosea, na alijua amekosea, na alikuwa anajifunza kulisema hili mpaka juzi."

Halafu kutoka kati ya wanawake waliokaa chini nikasikia sauti ya kuamsha bonde.

"Gwe!"

Shangazi alikuwa amesimama. Alipita katikati ya watu mpaka ukingo wa kaburi, kitenge kimemvuka begani, akamwinamia mdogo wake. "Gwe! Mjinga wewe! Nilikubeba mgongoni na mvua, ukanikojolea, nikanyamaza! Leo unanishukurishia ushuru! Nani alikutuma? Mbona hukuniangalia usoni? Ungeniangalia tu usoni!" Alisema kwa Kinyakyusa, alisema ya ndizi, ya geti, ya shati, ya daraja la kijito, ya siku aliyomwita mwenyekiti na kurudi nyumbani kulia. Akaomba maji. Akayachukua mdomoni, akayapuliza juu ya udongo, akaanguka magotini.

Babu wa nyuma akafuata. Akamwita baba mdomo mwepesi. Mama mmoja akamwambia alimfanya mwanawe akose shule. Wote waliokula nyama yake wakanyamaza, sasa walikuja, wanapiga kelele, wanalia, wananyooshea kaburi vidole, na ndoo ya maji ikajazwa tena. Kila neno alilokuwa analihitaji baba lilisemwa siku ile, na yeye yuko chini. Nilisimama pale nikiwa na hasira na watu wote wale, hasira ambayo haijaisha mpaka leo.

Yule kijana alikuwa amerudi nyuma hadi kwenye mlango wa gari.

"Dada, kuna nini?" aliniuliza. "Wanagombana msibani?"

"Hapana. Wanamsamehe."

Aliwatazama muda mrefu. Kelele zilikuwa zimeanza kupungua, watu wanafuta midomo na macho, na mmoja mmoja wakawa wanageuka kutazama upande wetu, upande wa gari na spika zake. Walimwinamishia kijana vichwa kwa adabu.

"Na sisi je?" akauliza.

"Ninyi," nilimwambia, "bado wanawashukuru."